Kutoka Hukumu Hadi Tiba: Historia Fupi ya Mapambano Dhidi ya Kipigo Katika Ndoa, Kampala



Toleo hili la ukumbusho limetolewa kwa ajili ya tarehe 25 Novemba. Umoja wa Mataifa uliitangaza siku hiyo mwaka 1999 kuwa siku ya kimataifa ya kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake. Waliokuwa wameichagua kwanza ni wanawake wa nchi za Amerika ya Kilatini waliokutana Bogotá, Kolombia, mwaka 1981. Walitaka wakumbukwe dada watatu wa ukoo wa Mirabal, waliouawa tarehe hiyo mwaka 1960 katika Jamhuri ya Dominika.

Kamati imeniomba niandike juu ya historia. Nimeona nisiende mbali. Nitaeleza mambo yaliyotendeka katika nchi hii iliyotupokea, hasa katika mji wa Kampala, ambako wengi wetu tulipitia au tuna ndugu zetu hadi leo. Swali ninalotaka tulijibu pamoja ni hili: nyumba yenye kipigo inatibiwaje?

Najua neno "kutibu" litawashangaza baadhi yenu. Sisi tumezoea kuhukumu. Mume na mke wakigombana, wazee huketi, humsikiliza huyu na yule, humtafuta mwenye kosa, hutoza faini, kisha huwaambia wapeane mikono. Jioni majirani husikia tena vilio. Kama mgonjwa wa malaria angetozwa faini badala ya kupewa dawa, tungeshangaa kwamba homa imerudi?

Dawa ya zamani: kwenda kwao

Tuanze na desturi za wenyeji. Kwa Waganda, binti aliyekaribia kuolewa alifundwa na ssenga, yaani shangazi yake, dada wa baba. Shangazi huyo hakuacha kazi yake siku ya harusi. Ndiye aliyeendelea kuwa sikio la binti ndani ya ndoa. Mambo yakimzidi, mke aliondoka akarudi kwa baba yake au kwa kaka yake. Waganda huita tendo hilo kunoba. Mume aliyemtaka mkewe ilimbidi aende kwa wakwe zake, akajieleze na kumwomba arudi.

Kwetu Kivu, na hata kwenu ndugu mliotoka Rwanda, Burundi na Somalia, hakuna asiyemjua mwanamke aliyerudi kwao kwa sababu ya kipigo. Tukiitazama vizuri desturi hiyo, ilikuwa na mambo matatu ya maana. Ilimtenga mke na mkono uliompiga. Ilimpa mtu wa kumsikiliza bila mumewe kuwapo. Tena ilichukua muda, hata hasira zikashuka na mume akaona aibu mbele ya watu anaowaheshimu.

Lakini desturi hiyo ilikuwa na kasoro kubwa. Mara nyingi mwisho wake ulijulikana kabla ya kikao kuanza: mke atarudishwa. Sababu moja ilikuwa mahari. Baba aliyekwisha kuwala ng'ombe, au kuwaozea wanawe wa kiume kwa ng'ombe hao, angewarudisha kwa nini? Jambo hili liliendelea nchini Uganda hadi miaka ya karibuni. Mwaka 2007 shirika la Mifumi, lililoanzia wilaya ya Tororo, lilikwenda Mahakama ya Katiba kuyapinga mambo hayo. Mwaka 2010 lilishindwa. Lilikata rufaa, na tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikufutwa, ila mlango wa kutokea ulifunguliwa.

Sasa, ndugu zangu, tujitazame sisi. Mwanamke mkimbizi ataenda kwao wapi? Baba yake alibaki Masisi au alikwisha kufa. Kaka yake yuko kambi nyingine, labda nchi nyingine. Shangazi hajulikani aliko. Vita vilitunyang'anya mashamba na nyumba, na hilo tunalisema kila siku. Vilimnyang'anya mwanamke aliyeolewa kitu kingine tusichokitaja: pa kukimbilia. Ndiyo maana historia inayofuata inatuhusu kuliko inavyowahusu wenyeji.

Sheria yaja

Serikali ya Uganda ilianza mapema kuchunguza mambo ya ndoa. Tume ya Kalema juu ya ndoa, talaka na hali ya wanawake ilitoa taarifa yake mwaka 1965. Mwaka 1974 wanasheria wanawake walianzisha chama chao, FIDA Uganda. Katiba ya mwaka 1995 ilisema kwamba mume na mke wana haki sawa wakati wa ndoa na wakati wa kuivunja, na ikakataza mila zinazovunja heshima ya mwanamke. Mwisho, mwaka 2010 ikapatikana Sheria ya Ukatili wa Majumbani.

Ningependa tuisome sheria hii kwa makini, maana haikuishia kwenye kifungo tu. Mahakama za mabaraza ya mitaa, zile tuzijuazo kama LC, zilipewa uwezo wa kusikiliza kesi hizo. Kati ya mambo zinazoweza kuamuru yamo onyo, kuomba radhi, faini, fidia, upatanisho, na pia ushauri nasaha. Hapo ndipo hukumu na tiba zilipokutana katika karatasi moja. Lakini neno "ushauri nasaha" lilitoka wapi hata likaingia katika sheria?

Washauri wa kwanza walitoka kwenye UKIMWI

Jibu limo katika msiba uliolipata taifa hili. Mwanzoni mwa mwaka 1987 Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya Mulago, alifiwa na mume wake kwa UKIMWI. Mwaka huo huo, yeye na wenzake wachache, ambao baadhi yao walikuwa wagonjwa, walianzisha TASO mjini Kampala. Dawa ya ugonjwa huo wakati ule haikuwapo. Walichokuwa nacho ni kuketi na mgonjwa, kumsikiliza bila kumhukumu, kuitunza siri yake, na kumsaidia kupanga siku zake. Mwaka 1990 kilifunguliwa kituo cha AIC, ambako watu walipima damu kwa hiari, wakapewa ushauri kabla ya kupima na baada yake.

Kwa njia hiyo maelfu ya watu wa kawaida, wauguzi, walimu na wajane, wakafundishwa kazi ya kusikiliza. Nao waliposikiliza, walisikia mambo ambayo hawakuyatafuta. Mke aliogopa kumweleza mumewe majibu ya damu kwa sababu atapigwa. Mwingine hakuweza kumkataa mume aliyejua kuwa anatembea ovyo, kwa sababu hiyo hiyo. Wazee walisema kweli: mficha maradhi, kifo humuumbua. Basi ikaonekana kwamba kipigo na UKIMWI hukaa chumba kimoja.

Uchunguzi uliofanywa wilayani Rakai mwaka 2000 na 2001, ambapo wanawake zaidi ya 5,000 waliulizwa, ulionyesha kwamba wanawake 30 katika kila 100 walikuwa wamepigwa au kutishiwa na mwenzi waliyekuwa naye. Jambo lililowashtua wengi zaidi ni jingine. Wanaume 70 katika 100 walisema kwamba kumpiga mke ni halali kwa sababu fulani fulani. Wanawake waliosema hivyo walikuwa 90 katika 100. Kwa hiyo mgonjwa na majirani wake walikuwa na fikra moja. Ukimtibu mtu mmoja, kisha ukamrudisha katika mtaa unaosema kipigo ni halali, umefanya nini?

Mtaa mzima kama mgonjwa

Hapo ndipo Kampala ilipotoa jambo jipya. Mwaka 1999 lilianzishwa mjini shirika la Raising Voices, na mwaka uliofuata likazaliwa CEDOVIP, kituo cha kuzuia ukatili wa majumbani. Mwaka 2008 walitoa mpango wao ulioitwa SASA!. Nafurahi kuwakumbusha kwamba jina hilo ni la Kiswahili, lugha yetu, katika mji unaosema Kiganda.

Mpango huo haukuanza na maneno "nani mwenye kosa?" wala "haki za wanawake", ambayo waume wengi wakiyasikia huziba masikio. Ulianza na swali juu ya nguvu. Nguvu gani iko ndani yako? Nguvu gani unaitumia juu ya mwenzako? Mkiunganisha nguvu zenu mnaweza kufanya nini? Walioongoza mazungumzo hayo walikuwa wakazi wenyewe wa mitaa, wake kwa waume: wauza nyanya, waendesha bodaboda, fundi cherehani. Walizungumza na jirani mlangoni, kwenye bomba la maji, mahali pa kuchezea karata. Polisi, wahudumu wa afya na viongozi wa dini nao waliingizwa, ili mwanamke akienda kwao apate jibu lile lile.

Wataalamu walitaka kujua kama maneno hayo yana dawa. Walichagua mitaa minane katika sehemu za Rubaga na Makindye. Minne ilipata mpango, minne ikangoja. Baada ya karibu miaka mitatu ya kazi walilinganisha, na matokeo yalitangazwa mwaka 2014. Katika mitaa iliyopata mpango, wanawake waliopigwa na wenzi wao katika mwaka uliopita walikuwa pungufu kwa asilimia 52 kuliko katika mitaa iliyongoja. Tena waliopunguziwa kipigo hawakuwa wale tu waliohudhuria mikutano. Mtaa wenyewe ulibadilika, na watoto nao wakashuhudia ugomvi mchache zaidi.

Majeraha ya vita, na chupa

Mtu atasema: "Mwalimu, hao ni watu wa mjini. Sisi tuna vita vichwani mwetu." Ni kweli, nami siwezi kulipuuza neno hilo. Wapo kati yetu wasiolala usiku. Wapo wanaoshtuka turubai likipigwa na upepo. Je, kipigo kinatoka huko?

Hapa hapa Nakivale, mwanzoni mwa miaka ya 2000, lilifanyika jaribio ambalo sasa linasomwa duniani kote. Wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, waliokuwa na ugonjwa wa kiwewe cha vita, waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilipewa tiba ya kusimulia: mgonjwa hueleza maisha yake tangu kuzaliwa kwa utaratibu, mema na mabaya, na mshauri huyaandika mpaka hadithi iliyokatikakatika inakuwa moja. Kundi la pili lilipewa ushauri wa kawaida, na la tatu lilifuatiliwa tu. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo. Mwishoni, asilimia 70 ya kundi la kwanza na asilimia 65 ya kundi la pili hawakuonekana tena na ugonjwa huo. Katika kundi lililofuatiliwa tu, walikuwa asilimia 37. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2008.

Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba kiwewe ndicho kinachopiga. Uchunguzi mwingine ulifanywa kaskazini mwa Uganda baada ya vita vya huko, ukatangazwa mwaka 2013. Wake na waume wote wawili waliulizwa. Kwa upande wa mume, jambo lililofuatana na kipigo lilikuwa matatizo ya pombe. Kwa upande wa mke, aliyepatwa na mabaya mengi vitani, na ambaye picha za mambo hayo zilikuwa zikimrudia, ndiye aliyekuwa akipigwa zaidi. Tafakarini jambo hilo: aliyejeruhiwa na vita hujeruhiwa tena nyumbani. Hivyo tiba ya majeraha ni haki ya mwanamke kwanza. Kwa mume, tuanze na chupa.

Lusaka, nchini Zambia, walijaribu kuitibu chupa na kipigo kwa pamoja. Familia 248 ziliingia katika jaribio hilo, na matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Waume walikaa na waume wenzao, wake na wake wenzao, kila kundi na mshauri wake, wakafundishwa kuzitambua fikra zinazotangulia kunywa na zinazotangulia kupiga. Kipigo kilipungua, na pombe pia, kuliko kwa wale wasiopata tiba hiyo.

Mahali ambapo tiba inaweza kudhuru

Msidhani kila dawa huponya. Kwetu Kivu, mpango wa kuwakusanya wanaume wajadili tabia zao kwa majuma kadhaa ulipimwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2020. Waume walijifunza kusaidia kazi za nyumbani, na wake walisema uhusiano umekuwa mzuri zaidi. Lakini wake hao hao walipoulizwa juu ya kipigo, haikuonekana kwamba kimepungua kuliko mahali ambapo mpango haukufika. Tusimpime mume kwa maneno anayoyasema kikundini. Mwenye kujua ni yule anayelala naye nyumba moja. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Hatari ya pili iko katika vikao vyetu wenyewe vya suluhu. Mke huitwa, akaketishwa kando ya mume wake, akaulizwa mbele yake: "Je, amekupiga?" Hujibu kwamba aliteleza njiani akichota maji. Wazee huandika "wamepatana". Akithubutu kusema kweli, gharama yake ataijua usiku. Marekani, katika mji wa Duluth, wanaharakati walilifahamu jambo hili tangu mwaka 1981, walipoanza kuwapeleka waume waliohukumiwa katika mafunzo yao peke yao. Walisema kwamba anayempiga mkewe hapigi kwa sababu ameshindwa kuzuia hasira. Bosi wake akimtukana, hasira huizuia vizuri sana. Hupiga anapojua kwamba anaweza. Mkiwaweka wawili hao chumba kimoja na kuwaambia kila mmoja ana sehemu ya kosa, mmempa mpigaji wakili.

Kwa hiyo usalama hutangulia, na tiba hufuata. Katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kulifanyika mpango ulioitwa Nguvu kwa ajili ya wanawake wakimbizi kutoka Kongo waliokuwa wakipigwa. Mikutano ilikuwa minane, ya wanawake peke yao. Ndani yake tiba ya mawazo mazito ilichanganywa na mashauri ya namna ya kujilinda na mahali pa kupata msaada. Lilikuwa jaribio la mwanzo tu, lakini lilionyesha kwamba kazi hii inawezekana katika kambi kama yetu.

Tufanye nini hapa

Sisi walimu huyaona matunda ya kipigo asubuhi. Mtoto ambaye nyumbani kwao hapakulalika hulala juu ya dawati. Siku zinazofuata mgao, madawati ya namna hiyo huongezeka. Kwa hiyo ninayoyapendekeza hapa nayasema kwa niaba ya watoto hao.

Kwanza, kamati isimhoji mke mbele ya mume. Asikilizwe peke yake, na mwanamke mwenzake, mahali ambapo sauti haitoki nje. Neno "wamepatana" lisiandikwe katika daftari kabla hajaulizwa peke yake, na aulizwe tena baada ya mwezi.

Pili, tuwachague watu wachache katika kila mtaa wa kambi, wake kwa waume, wanaojulikana kwa kutunza siri, na mashirika yawafundishe. Historia ya TASO, ya SASA! na ya Nakivale yenyewe inatuthibitishia kwamba kazi hii haihitaji shahada. Inahitaji mafunzo, usimamizi, na mtu wa kuwasikiliza washauri nao wanapolemewa.

Tatu, waume wanaokunywa wapewe kundi lao na msaada wao. Kundi hilo lisiwe njia ya kukwepa polisi. Aliyevunja mkono wa mtu atafika mbele ya sheria, kisha atibiwe.

Nne, na hili nawaelekezea wafanyakazi wa mashirika. Mke anayefikiria kuondoka huuliza kwanza juu ya kadi ya familia: watoto watakula kwa kadi ya nani? Akiambiwa arudi juma lijalo, na juma jingine tena, atarudi kwa mumewe, na hakuna mshauri atakayemsaidia. Kadi yake ikitengwa upesi, amepewa dawa ya kwanza.

Ndugu wasomaji, wazee wetu walikuwa na desturi nzuri ya kumpa mke aliyeumizwa nyumba ya baba yake. Nyumba hiyo hatunayo tena. Lakini baba, kaka na shangazi walikuwa watu, na watu tunao. Kambi yetu ina maelfu. Mama aliyeamua usiku wa leo kuondoka na mtoto mgongoni aujue mlango mmoja atakaobisha, na atakayefungua asimwulize alichomkosea mumewe.

Nawatakieni nyote maadhimisho mema ya siku 16.